Shanga za Boga Kifuani mwa Farasi

Nilipomtumia shangazi picha ya yule farasi, maswali niliyoyasubiri hayakuja. Hakuuliza wale wanaume wenye mashati ya chuma ni akina nani. Hakuuliza kwa nini mimi, mtoto wa Mkomani, Lamu, nimesimama katikati ya uwanja wa nyasi kaskazini mwa Uingereza nimevaa gauni la sufu lililofungwa kamba kiunoni kama gunia la makaa. Aliikuza picha, akaona shanga za rangi ya feruzi kwenye ukanda wa kifuani mwa farasi, akanirudishia sauti ya sekunde nne: "Zinalia?"

Nikamjibu sijui. Miezi mitano nimekaa na shanga zile, nimezikanda, nimezichoma, nimezitunga, na swali hilo halikuwahi kunijia.

Niwaeleze kwanza hao watu wenyewe. Kuna watu huku ambao siku za kazi ni mafundi bomba, walimu, madereva, na Jumamosi wakigeuka wanakuwa askari wa Kirumi. Ukiwaona mara ya kwanza utadhani wanaigiza. Hawaigizi sana. Wanajaribu vitu: kiatu hiki kikitembezwa maili kumi kinakufa wapi, mkuki huu ukirushwa kutoka mgongoni mwa farasi unafika wapi. Wanaweza kugombana jioni nzima juu ya kichwa cha msumari. Mimi niliingia kwa mlango wa ngozi. Nashona mikoba na kutengeneza viatu hapa Newcastle, na siku moja mzee mmoja wa kikundi hicho akaniletea hatamu iliyokatika. Alipokuja kuichukua aligeuza mshono juu na chini, akaniuliza kama nimewahi kushona vitu vya farasi. Nikamwambia vya punda. Akacheka, halafu akaona sicheki.

Askari wa farasi wa Kirumi hakuwa na vikuku vya kukanyagia. Alikalia tandiko lenye pembe nne, mbili mbele na mbili nyuma, zikimbana mapaja. Kulishikilia tandiko hilo kulikuwa na mikanda inayozunguka kifua cha farasi na mingine inayozunguka matako yake, na pale mikanda ilipokutana palifungwa bamba la duara la shaba, mara nyingi limepakwa fedha, na chini ya bamba vikaning'inia vipambo: majani, miezi miandamo, na vingine vya umbo la uume ambavyo picha zake sikumtumia shangazi. Vipambo hivyo vyote vilikuwa na kazi. Warumi waliogopa kijicho kama tunavyokiogopa sisi, na farasi mzuri huvuta macho.

Vitu vya shaba tunavyo vingi kwa sababu shaba hudumu ardhini. Ngozi huoza, isipokuwa mahali pachache penye udongo uliojaa maji usiopitisha hewa, kama ngome ya Vindolanda, karibu na ukuta wa Hadrian, ule Warumi walioujenga huku kaskazini, ambako viatu na vipande vya ngozi vimetoka ardhini vikiwa bado vina matundu ya sindano. Kwa hiyo tunajua bamba lilikaaje. Lakini shanga hukaa kwenye uzi au kwenye ngozi, na vyote viwili vikishaoza, ushanga hubaki peke yake kwenye matope, hausemi ulikuwa wa nani.

Shanga ninazozungumzia zinajaa kwenye ngome za jeshi la Kirumi za karne ya 1 na ya 2. Ni nene, za mviringo, zina mifereji kutoka tundu hadi tundu. Wazungu huziita kwa jina la tikiti, yale matikiti yao yenye mbavu. Kwetu tikiti lina ngozi laini kama kichwa kilichonyolewa. Ningeachiwa mimi kuzipa jina ningeziita shanga za boga, na humu ndivyo nitakavyoziita. Zipo za kioo cha buluu iliyoiva, lakini nyingi si za kioo hasa. Ni za unga wa mawe uliokandwa na kuchomwa mpaka juu yake pakaota ngozi ya kioo ya rangi ya feruzi. Na jambo linalomshika kila anayeziona: tundu lake ni kubwa mno. Kidole kidogo cha mtoto kinapita.

Ni wataalamu ndio waliozihusisha na farasi, kwa sababu zinaokotwa sana mahali palipokuwa na askari. Wengine wanasema hapana, hizo ni hirizi za askari mwenyewe, alizivaa shingoni au kwenye upanga. Kila upande una hoja yake, na mzee wetu wa kikundi, ambaye ndiye mwenye farasi, yuko upande wa kutoamini chochote mpaka kimfikie mkononi. Nilipomwambia nataka kumvika farasi wake shanga kumi na nne, saba kila upande, aliniuliza: kumi na nne umezipata wapi? Kimoja kimoja ndivyo vinavyookotwa. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na picha tu kichwani, ya mkufu.

Nitasema kweli kwamba ujasiri wangu ulitoka kwa Warumi wenyewe. Hawa hawakuwa watu wa kiasi kwenye farasi. Mwaka 128 Kaisari Hadrian alikagua wanajeshi wake Lambaesis, Algeria ya leo, na hotuba yake ikachongwa kwenye mawe ambayo vipande vyake vipo mpaka sasa. Alipofika kwa wapanda farasi wa kikosi cha mseto, wale waliolipwa chini ya wenzao wa vikosi vya farasi watupu, aliwaambia kwamba sura ya farasi wao na hali ya silaha zao inalingana na mshahara wao. Halafu akawasifu kwa bidii yao. Nikiisoma hotuba hiyo namwona askari mmoja pale mstarini, mkanda wake una bamba mbili tu za shaba isiyopakwa fedha, amesikia Kaisari akitaja mshahara wake mbele ya watu. Mtu kama huyo ndiye angetafuta ushanga. Unang'aa kwa mbali na bei yake si ya fedha.

Na Apuleius, mwandishi wa karne hiyo hiyo ya 2, mzaliwa wa Madauros, huko huko Algeria, anaye punda katika hadithi yake ambaye tajiri mmoja anampamba kwa mabamba ya dhahabu, matandiko ya rangi, lijamu ya fedha na njuga zenye mlio mkali. Punda huyo kwa kweli ni mtu aliyegeuzwa, lakini mapambo hayo msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuelezwa. Shangazi angeuliza kitu kile kile alichokiandika Apuleius.

Sasa nije kwenye kuzitengeneza, maana hapo ndipo nilipolala na kuamkia.

Kioo cha Kirumi ni mchanga, magadi na chokaa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Magadi! Kile kitu ambacho mama alikitia kwenye maharage yaliyokataa kuiva. Warumi walichimba ya kwao Misri, Wadi Natrun, na kazi yake ni kuushusha mchanga uyeyuke kwa moto mdogo kuliko ambao ungeutaka wenyewe. Plinius Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anasimulia kwamba wafanyabiashara wa magadi walitia nanga kwenye mdomo wa mto Belus, pwani ya Foinike, mashariki mwa Mediterania, wakakosa mafiga, wakaweka sufuria zao juu ya mabonge ya magadi, na usiku ukatiririka kitu kipya ambacho hakuna aliyekijua. Moto wa kupikia ufukweni hauwezi kufanya hivyo, lakini hadithi ni tamu. Na utamu wake unazidi ukijua kwamba msimulizi huyo alikuwa kamanda wa farasi huko Ujerumani. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna mabamba ya farasi yaliyopatikana Xanten, kando ya mto Rhine, na kwenye moja wapo limetobolewa kwa nukta jina la Plinius, kamanda wa wapanda farasi. Mtu aliyetuandikia kioo kilizaliwaje, jina lake limetujia pia juu ya pambo la farasi.

Shanga za feruzi hazimiminwi. Unachukua unga wa kwatzi, jiwe jeupe linaloonekana kama chumvi ya mawe, unatia magadi, unatia unga wa kijani wa shaba, na maji kidogo sana. Unga huo haukandiki. Ni kama kukanda mchanga wa ufukweni: ukiubana unakubali, ukiuachia unamwagika. Niliuviringisha juu ya bua kavu la nyasi ili tundu lipatikane bua likiungua, halafu nikaibana mifereji kwa mgongo wa kisu, huku nikizungusha. Kati ya shanga tano, mbili zilipasuka mkononi.

Halafu unaziacha zikauke, na hapo ndipo palipo na ajabu yake. Maji yanapotoka huvuta magadi mpaka juu. Kesho yake asubuhi kila ushanga una manyoya meupe ya chumvi, kama shingo ya mvuvi aliyeshinda juani. Chumvi hiyo ndiyo itakayokuwa kioo. Ukiingia tanuri la joto la nyuzi 900 hivi, chumvi na unga wa juu vinayeyuka pamoja na shaba inatoa rangi. Kwa hiyo usiguse. Mimi nikaugusa mmoja, kuona tu kama umekauka. Ulipotoka tanurini ulikuwa feruzi safi pande zote ila doa moja la kijivu, kavu, lenye mistari ya kidole gumba changu. Ninao mpaka leo juu ya dirisha la jikoni.

Kuna jambo lingine linalotokana na hili, na sikulitilia maanani. Ndani ya tundu, pale palipokuwa na bua, magadi hayatoki vizuri kama juu. Pale ndani hapapati kioo. Panabaki ganda la msasa.

Siku ya maonyesho nilizitunga shanga zangu kumi na nne kwa uzi wa kitani niliousugua nta, uzi ule ule ninaoshonea soli. Mzee aliutazama mkufu, akanyamaza, akaniruhusu nimfunge farasi jike wake. Alikuwa wa rangi ya kahawia na alipendeza kuliko nilivyotegemea. Chanda chema huvikwa pete, nikajisemea. Nikapiga ile picha. Shangazi akauliza analoliuliza. Nikasogea kwenye kamba ya uwanja, nikatega sikio.

Zilikuwa zinalia. Farasi akitembea husikii kitu, shaba inameza kila sauti, maana mabamba na vipambo vyake vinagongana kama sahani kwenye beseni. Lakini alipoanza kukimbia mdogo mdogo, chini ya ule mlio wa shaba nikasikia mwingine, mzito, mkavu, kama kokoto ndani ya kibuyu. Haukuwa mlio wa njuga. Ulikuwa karibu na mlio wa shanga za kiunoni, wenye kujua wanajua, mlio ambao mwenye nao husikia kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpanda farasi aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiusikia muda wote kutoka chini ya goti lake, na kwamba ulimwambia mwendo wa farasi kabla hajauona.

Mzunguko wa tatu, mkuki wa mbao ukiwa umesharushwa, uzi ukakatika.

Sikuuona ukikatika. Niliona vitu vidogo vya feruzi vikiruka juu ya nyasi nyuma ya kwato, na mtoto mmoja upande wa pili wa kamba akapiga makofi akidhani ni sehemu ya mchezo. Farasi alisimamishwa, tukapiga magoti watu sita, wanaume wakiwa na kofia zao za chuma, tukatafuta. Shanga kumi na moja tulizipata palepale. Mbili zilipatikana jioni wakati wa kung'oa mahema. Moja haikupatikana.

Nilimpigia shangazi usiku ule, nikitaka pole. Nikamweleza uzi, nta, tundu, kila kitu.

"Uzi?" akasema. "Babuyo yule ushanga wa punda aliufunga kwa uzi?"

Nilikuwa nimesahau kabisa. Babu alikuwa na punda wa kubebea mawe ya matumbawe, na kwenye hatamu yake, chini ya sikio, paliningʼinia ushanga mmoja wa feruzi, mnene, ambao alisema alipewa na nahodha wa jahazi. Mtaani kwetu sikuona punda mwingine mwenye kitu kile. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mji wa Qom, Iran, umekuwa ukitengeneza shanga za feruzi za kuvisha punda na ngamia, za unga wa mawe vilevile, na nikajiuliza jahazi lile lilikuwa limetoka wapi. Lakini shangazi hakuwa anazungumza habari za Iran. "Alifunga kwa ngozi, mwanangu. Kipande cha ngozi, fundo huku, fundo huku. Uzi na mnyama wapi na wapi?"

Nikakaa kitandani na ushanga mmoja mkononi, nikachukua ukanda wa ngozi wa upana wa tambi pana, nikaupitisha. Ukapita, ukajaa. Msasa wa ndani, uliokula uzi wangu kwa saa moja, ukaishika ngozi isizunguke. Lile tundu kubwa ambalo kila mtu hulishangaa halikuwa kubwa hata kidogo. Lilikuwa na ukubwa wa ngozi. Miaka yote nashonea ngozi, na nilihitaji mwanamke aliye Lamu, ambaye hajawahi kuona farasi wa Kirumi hata kwenye sinema, aniambie.

Haithibitishi kwamba Warumi walivisha farasi. Ngozi hupita pia kwenye shingo ya mtu na kwenye ala ya upanga. Nilipomwonyesha mzee wetu alisema hivyo hivyo, kisha akauweka ushanga kwenye pete ya lijamu, akaufunga mwenyewe, mafundo mawili, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. Mmoja tu. Nikamwachia ushindi huo, kwa sababu nadhani ana haki: mkufu wangu ulikuwa wa kupendeza watu wa picha, na ushanga mmoja chini ya sikio ni kitu ambacho mtu humfanyia mnyama wake.

Kuna siku niliwasomea wanakikundi habari ya mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina, unaoshuka pwani yetu hadi Rhapta, soko la mwisho la Azania. Anasema Rhapta imepata jina lake kwa vyombo vya kushonwa, na mtu wa Lamu akisikia hivyo anaona mtepe mbele ya macho yake. Kisha anataja bidhaa zilizoletwa: mikuki iliyotengenezwa Muza (bandari ya Yemen ya leo), mashoka, visu, misharasi, na mawe ya kioo ya aina nyingi, ambayo wengi wanayaelewa kuwa ni shanga. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za Kirumi alizozichimbua delta ya Rufiji. Walinisikiliza kwa adabu, halafu mmoja, fundi wa kofia, akauliza kwa uzito wote kama misharasi ile ilikuwa ya pembe nne au ya mviringo. Ndio maana nawapenda.

Tangu siku ile ya uzi nimepewa sharti moja, na nalifuata. Tunachezea kwenye ardhi ambayo juu yake walikaa Warumi wenyewe, au karibu yake sana, na kitu chetu kikidondoka kinaweza kumdanganya mtu wa miaka mia ijayo. Kwa hiyo kila ushanga ninaoutengeneza sasa, kabla haujakauka, nauchora kwa ncha ya sindano ndani ya mdomo wa tundu: mkwaju mmoja mdogo na mwaka. Ukichomwa alama inabaki.

Ule uliopotea niliutengeneza kabla ya sharti hilo. Uko pale kwenye malisho ya kondoo, maili tatu hivi kutoka ukuta wa Hadrian, rangi ya feruzi, mifereji kumi na miwili, hauna alama yoyote. Nimerudi mara mbili kuutafuta. Mara ya pili nilikuja na mtu mwenye kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, na akanieleza kwa upole, kabla hata hajakiwasha, kwamba kitu kama hicho hakitalia.